Siku ya Tatu Mpe Jembe: Bustani ya Mlangoni Katika Makazi ya Nakivale



Wahenga walisema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Mara nyingi methali hii hutajwa kwa mzaha, mgeni anapokawia kuaga. Lakini kwetu sisi tulioishi ugenini miaka mingi, haina mzaha hata kidogo. Ni swali ambalo kila nyumba hapa hulazimika kulijibu: je, siku ya tatu imekwisha kufika, ama bado tunaihesabu siku ya pili?

Katika makala haya nakusudia kueleza jinsi nyumba yetu, iliyoko Base Camp katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale nchini Uganda, ilivyolishika jembe hilo. Nitaeleza tulivyopanda, tunavyopika, na hesabu ya fedha iliyobaki mfukoni. Nitaeleza pia mahali ambapo jembe hilo hugota, kwa kuwa haifai kuisifu bustani kana kwamba ni dawa ya kila shida.

NAKIVALE NI WAPI

Kwa msomaji wa Karagwe au Kyerwa, Nakivale si mbali. Ukivuka mto Kagera pale Murongo unaingia Kikagati, na barabara ya kwenda Mbarara hupita katika wilaya ya Isingiro, ambamo makazi haya yamo. Kutoka mjini Mbarara hadi kwetu ni safari ya kilomita hamsini na zaidi. Makazi yamegawanyika katika kanda tatu: Base Camp, Juru na Rubondo. Base Camp, iliyo karibu na Ziwa Nakivale, ndiko ziliko ofisi, soko na maduka mengi.

Makazi haya yalitambuliwa rasmi mwaka 1960, na wakazi wake wa kwanza walikuwa Wanyarwanda. Leo wanaishi humu watu zaidi ya laki moja na nusu, kutoka Kongo, Burundi, Rwanda, Somalia, Uhabeshi, Eritrea na kwingineko. Kiswahili ni moja ya lugha zinazotuunganisha sokoni, kisimani na katika foleni ya zahanati.

Yafaa msomaji aelewe jambo moja kuhusu ardhi. Kwa mujibu wa Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 na kanuni zake za mwaka 2010, mkimbizi anayeishi katika makazi huruhusiwa kutumia ardhi kwa kulima na kufuga, lakini hana ruhusa ya kuiuza wala kuikodisha. Ardhi si yake. Matumizi ndiyo yake. Kiwanja chetu, pamoja na nyumba ya udongo ya vyumba viwili, jiko na choo, kina urefu wa hatua thelathini na upana wa hatua ishirini. Hapo ndipo wanapoishi watu saba: mimi na mume wangu, mama mkwe, na watoto wanne.

MGAO NA UPUNGUFU WAKE

Tangu tulipofika kutoka Kivu ya Kusini, tegemeo letu kubwa lilikuwa mgao: mahindi, maharage, mafuta na chumvi, na baadaye fedha badala ya chakula. Mgao huo umeokoa maisha ya watu wengi, na asiyeushukuru ni mtu asiyejua njaa. Lakini hata ulipokuwa kamili haukuwa na mboga za majani wala matunda. Mtoto aweza kushiba ugali na maharage kila siku, na bado akakosa vile vitu vidogo vinavyolinda macho, damu na ngozi.

Kisha mgao wenyewe ukaanza kupungua. Mwezi Aprili 2020 ulipunguzwa kwa asilimia 30 katika makazi yote ya Uganda, kwa sababu fedha za wahisani hazikutosha. Mwezi Februari 2021 ukashuka hadi asilimia 60 ya kiwango kamili. Tangu mwaka 2023 kaya zikapangwa kwa madaraja kulingana na unyonge wa kila moja, na mwezi Mei 2025 watu wapatao milioni moja nchini kote waliondolewa katika orodha ya kupokea chakula. Nyuma ya tarakimu hizo kuna nyumba ambamo chungu kinainjikwa mara moja kwa siku, na mama anayewaambia watoto kwamba yeye amekwisha kula.

Mama yangu mzazi, alipokuwa kijana ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, alikuwa akisikiliza Radio Tanzania. Aliyakumbuka mafunzo ya kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, na ya Chakula ni Uhai iliyofuata mwaka 1975. Alitufundisha kwamba chakula bora huanzia hatua kumi kutoka mlangoni. Mgao ulipopungua niliyatazama makazi yetu kwa macho yake. Nikaona ardhi tupu iliyofagiliwa kila asubuhi ikawa safi kama sahani, lakini haina hata jani moja la kuliwa.

MAJADILIANO YA MPARACHICHI

Siku moja nilirudi kutoka Mbarara na mche wa mparachichi uliobebeshwa, umefungwa katika mfuko wa nailoni. Mama mkwe akaushika, akauzungusha, akaniuliza utazaa lini.

"Mama, wanasema miaka mitatu au minne."

"Binti yangu," akasema, "unataka kuniambia kwamba miaka minne ijayo tutakuwa tungali hapa?"

Nikamjibu, "Mama, tukirudi nyumbani, atakayekuja baada yetu atakula. Tusiporudi, wajukuu wako watakula."

Hakuridhika. Alisema mtu apandaye mti ugenini amekwisha kukata tamaa ya kuliona tena kaburi la babaye. Sikumdharau kwa maneno hayo, wala msomaji asimdharau. Katika makazi kama haya watu wengi huacha kiwanja kitupu si kwa uvivu, bali kwa matumaini. Kila mwaka husema kwamba mwaka ujao watarudi. Kumwambia mtu wa namna hiyo apande mti ni kama kumwambia aache kungoja.

Tulipatana hivi: tuanze na mboga za majuma, yaani zile ambazo mtu huzipanda leo na kuzila kabla ya mwezi kwisha. Mboga kama hizo hazimfungi mtu mahali. Akiitwa kurudi kwao, atachuma, atakula na kuondoka. Baadaye tungepanda mazao ya miezi, na mwisho, moyo ukikubali, mazao ya miaka. Mche wa mparachichi tuliuweka kivulini ndani ya kopo, tukaendelea kuumwagilia. Naona mpango huo unafaa nyumba yoyote inayoanza, hata isiyokuwa ya wakimbizi, kwa maana mavuno ya haraka hutia moyo wa kungojea mavuno ya polepole.

UDONGO, SAMADI NA MAJI

Kazi ya kwanza ni udongo. Udongo wa uani petu ulikuwa umekanyagwa hata ukawa mgumu kama sakafu. Tuliulainisha kwa mboji. Tulichimba shimo la kina cha magoti, tukapanga tabaka la majani makavu, tabaka la takataka za jikoni kama maganda ya ndizi na viazi, tabaka la samadi, na majivu kidogo, kisha tukaanza upya hadi shimo likajaa. Tulilifunika kwa majani ya migomba, tukaligeuza kila baada ya majuma matatu na kulinyunyizia maji likikauka. Baada ya miezi mitatu takataka zilikuwa zimegeuka udongo mweusi wenye harufu ya msitu baada ya mvua. Plastiki, betri na vioo visiingizwe humo kamwe.

Samadi tunaipata kwa wafugaji Wanyankole wa jirani, wenye ng'ombe wale wa pembe ndefu. Mzee mmoja hutuachia tuzoe samadi zizini kwake, nasi humpelekea mboga na maboga. Samadi mbichi isitiwe moja kwa moja katika miche, kwani huiunguza. Iachwe ikomae kwanza.

Kazi ya pili ni maji. Isingiro ni wilaya yenye ukame wa mara kwa mara. Mvua hunyesha Machi hadi Mei, kisha Septemba hadi Desemba, na kati ya Juni na Agosti jua huwa kali. Maji ya bomba hupatikana kwa foleni, na hakuna mama atakayemnyima mtoto maji ya kunywa ili amwagilie sukuma wiki. Kwa hiyo tunayatumia maji mara mbili. Maji ya kusuuzia vyombo na ya kuoshea mboga humwagwa shinani mwa mimea, si juu ya majani. Maji yenye sabuni nyingi huenda kwa migomba na miti. Maji yenye dawa ya kuondoa madoa hayamwagwi bustanini hata kidogo.

Aidha, kila tuta letu hufunikwa kwa matandazo ya nyasi kavu na majani ya migomba. Matandazo huzuia jua lisiunyang'anye udongo unyevu wake, hupunguza magugu, na mwishowe huoza yakawa chakula cha mmea. Matuta ya kiangazi tunayashusha chini kidogo ya uso wa ardhi ili maji yatulie. Matuta ya masika tunayainua ili mizizi isizame.

BUSTANI YA GUNIA

Asiye na kiwanja asikate tamaa. Gunia moja kuukuu la kilo 100 laweza kuilisha nyumba mboga kwa miezi mingi. Mambo yenyewe ni haya. Changanya udongo sehemu mbili na mboji au samadi iliyokomaa sehemu moja. Twaa kopo kubwa la mafuta ya kupikia, likate pande zote mbili liwe kama bomba, ulisimamishe katikati ya gunia. Jaza kokoto ndani ya kopo na udongo pembeni yake. Kisha vuta kopo juu, ujaze tena, hivyo hivyo mpaka gunia lijae. Mwisho utakuwa na nguzo ya kokoto katikati, ambayo kazi yake ni kuyafikisha maji mpaka chini.

Toboa matundu ubavuni mwa gunia kwa kupishana, umbali wa shibiri moja kati ya tundu na tundu, upande miche ya sukuma wiki au spinachi. Juu panda vitunguu vya majani au nyanya. Mwagilia asubuhi na jioni, ukiyamimina maji katika ile nguzo ya kokoto. Sisi tulianza na magunia mawili, na sasa tunayo sita, yote kwenye ukuta unaopata jua la asubuhi.

Wadudu tunawafukuza kwa majivu makavu yaliyonyunyizwa kwenye majani, au kwa maji ya pilipili kali iliyotwangwa na kuchanganywa na sabuni kidogo ya kipande. Mboga zioshwe vizuri kabla ya kupikwa. Mbuzi hawafukuziki kwa majivu. Dawa yao ni ua wa miiba.

MBOGA ZA MAJUMA, ZA MIEZI NA ZA MIAKA

Mboga ya kwanza kutulisha ilikuwa lengalenga, ambayo msomaji wa Tanzania huiita mchicha, na ambayo Waganda huiita dodo. Majirani wa mataifa matatu huinunua sokoni kwa majina matatu, kisha jioni kila jiko hunukia mboga ile ile. Lengalenga huliwa baada ya majuma matatu hadi manne. Usiing'oe, ikate juu, iache ichipue tena. Nyingine za upesi ni majani ya kunde, majani ya maboga na sukuma wiki.

Za miezi ni maharage, nyanya, nyanya chungu, na hasa viazi vitamu vya rangi ya chungwa. Viazi hivi vina kiini ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A, ile inayolinda macho ya watoto na kuwapa nguvu ya kupambana na maradhi. Mwaka 2016 mtafiti wa Uganda, Dkt. Robert Mwanga, alikuwa miongoni mwa watu wanne waliopewa Tuzo ya Chakula ya Dunia, yeye na wenzake wawili kwa kazi yao juu ya viazi hivyo. Mbegu yake ni kipande cha mmea tu: ukipewa na jirani, nawe utampa mwingine. Majani yake, yaani matembele, nayo ni mboga nzuri.

Za miaka ni mpapai, ambao huzaa upesi kuliko wenzake, kisha mgomba, mndimu, mpera na mparachichi. Isingiro ni wilaya ya migomba. Malori huondoka yamejaa ndizi kwenda Kampala, kwa hiyo machipukizi hapa si adimu. Chagua machipukizi kutoka shamba lisilo na mnyauko, maana ugonjwa huo huangamiza shina zima, na panga linaloukata mgomba mgonjwa huupeleka ugonjwa kwa mzima. Na ule mparachichi wetu? Uliingia ardhini mwaka uliofuata. Mama mkwe ndiye aliyechimba shimo, bila kuombwa na mtu, akasema amechoka kuliona kopo lile likimzuia njia.

JIKONI

Mavuno mema huweza kuharibiwa jikoni. Lengalenga na sukuma wiki visichemshwe hadi vikapoteza rangi, wala maji yake yasimwagwe, kwani uzuri wake mwingi hukimbilia humo. Osha kwanza, kata baadaye, pika kwa muda mfupi na mafuta kidogo, kisha kamulia ndimu ukiwa umekwisha kuepua. Ndimu huusaidia mwili kuyapokea madini ya chuma yaliyomo katika majani na maharage, madini ambayo hujenga damu. Chai, kinyume chake, huyazuia. Kwa hiyo nyumbani kwetu chai hunywewa saa moja au zaidi baada ya chakula, si pamoja nacho.

Sombe, ambayo Tanzania huitwa kisamvu, ina kanuni yake. Majani ya muhogo yana sumu yakiwa mabichi. Hayana budi kutwangwa sawasawa na kuchemshwa kwa muda mrefu, chungu kikiwa wazi, kabla ya kutiwa karanga au mafuta ya mawese. Mama wa Kivu analijua hilo, lakini majirani waliotoka nchi zisizokula mboga hii wanapaswa kuelezwa.

Maharage hulowekwa usiku kucha. Asubuhi tunayamwaga maji yale, tunayachemsha kwa nguvu nusu saa, kisha tunakiingiza chungu, kikiwa kimefunikwa, ndani ya kikapu kikubwa kilichojazwa majani makavu ya migomba na blanketi kuukuu. Baada ya saa tatu hivi yamelainika bila kaa la moto, nasi huyarudisha jikoni dakika chache tu kuyaunga. Jiko lenyewe tulilijenga kwa udongo wa kichuguu uliochanganywa na nyasi zilizokatwakatwa. Linabana moto, na moshi umepungua. Unga tunausaga bila kukoboa, kidogo kidogo, kwa kuwa dona haikai sana, lakini ina lishe kuliko sembe nyeupe.

DESTURI ZA AFYA

Mwaka 2022 mume wangu alisumbuliwa na kichwa na kizunguzungu. Alipopimwa Mbarara alikutwa na shinikizo la damu. Daktari alimpa dawa, akampa na mashauri: apunguze chumvi na mafuta, ale mboga na matunda zaidi, aache tumbaku, atembee kila siku. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyojificha katika samaki wa chumvi na vidonge vya viungo vya mchuzi vinavyouzwa madukani.

Chungu chetu ni kimoja, kwa hiyo nyumba nzima ilibadilika. Juma la kwanza watoto walilalamika kwamba mboga imepooza. Tulitia vitunguu vya majani, tangawizi, ndimu na pilipili, na baada ya mwezi hakuna aliyeulizia vidonge vile. Soda tumeiachia sikukuu. Mume wangu huamka alfajiri kumwagilia magunia, na matembezi yake ni kuchota samadi zizini. Vipimo vyake vimekuwa vizuri zaidi. Hata hivyo nasisitiza kwamba hakuacha dawa. Asitokee mtu akasoma makala haya akatupa vidonge vyake kwa kuwa amepanda sukuma wiki. Bustani humsaidia daktari. Haichukui nafasi yake.

Kadhalika tumetundika kibuyu chirizi kati ya choo na jiko, na kipande cha sabuni kwenye kamba. Maji yake hudondokea shina la mpapai. Maji ya kunywa tunayachemsha. Mtoto anayekula vizuri lakini akaharisha kila mwezi ni sawa na gunia lililotoboka chini.

HESABU YA NYUMBA

Sasa tuje kwenye fedha, kwa maana sifa bila hesabu ni maneno matupu. Nina daftari ninaloandika matumizi kila jioni. Kabla ya bustani, mboga za majani ziligharimu shilingi 1,000 za Uganda kila siku, yaani 30,000 kwa mwezi. Mkaa uligharimu 1,500 kwa siku, yaani 45,000 kwa mwezi. Sasa, katika miezi ya mvua hatununui mboga za majani kabisa, na kiangazi hununua nusu. Mkaa, kwa ajili ya jiko la udongo na kikapu, umeshuka hadi 1,000 kwa siku. Kwa hiyo mwezi wa mvua huacha shilingi 45,000, na mwezi wa kiangazi 30,000.

Katika fedha hizo, 5,000 huingia kila juma katika chama chetu cha kuweka akiba, chenye kisanduku cha kufuli tatu, funguo zake zikishikwa na watu watatu tofauti. Salio hununua mayai, dagaa na madaftari ya shule. Hatukuwa matajiri. Lakini karo ilipodaiwa muhula uliopita hatukulazimika kuuza mahindi ya mgao, kama wengi wanavyolazimika, kisha wakayanunua tena kwa bei ya juu mwezi haujaisha.

MIPAKA YA BUSTANI

Hapa ndipo napenda msomaji aniangalie usoni. Magunia sita na matuta manne hayawezi kuwalisha ugali watu saba. Bustani ya mlangoni huleta kitoweo. Chakula chenyewe chataka shamba, au kazi, au mgao. Nimewasikia watu wakisema kwamba mkimbizi akifundishwa kupanda mboga hatahitaji tena msaada. Maneno hayo ni hatari. Yuko bibi asiye na nguvu ya kubeba ndoo. Yuko mgonjwa asiyeweza kuinama. Iko nyumba inayoongozwa na mtoto. Tena wageni wanaingia kila mwaka, na viwanja vinazidi kuwa vidogo. Kuwanyima watu hao chakula kwa hoja ya bustani ni kuugeuza wema kuwa fimbo.

Naomba basi mambo mawili yasichanganywe. Wenye mamlaka na wahisani wana wajibu wao, na hatuna budi kuudai kwa heshima. Sisi nasi tuna uani wetu, na hakuna atakayekuja kutupandia. Baba mwenye afya anayekaa kutwa barazani akingoja tangazo la mgao, na hali uani kwake mna nafasi ya magunia matatu, naye anaikosesha nyumba yake haki yake. Kazi ya bustani isiachiwe akina mama peke yao. Mwanamume akiyabeba maji na samadi, mwanamke atapata muda wa kupumzika na watoto muda wa kusoma.

Kwa yule asemaye kwamba hapandi kwa kuwa atarudi kwao, sina la kumlaumu. Nami nataka kurudi. Lakini mkono uliozoea jembe ugenini hautakuwa mgeni wa jembe siku utakapofika nyumbani, na mtoto aliyekula vizuri atakuwa na nguvu za safari.

Mvua ikikaribia, tafuta gunia moja kuukuu, kopo la mafuta na kokoto za kujaza ndoo. Omba samadi kwa mfugaji na mbegu ya lengalenga kwa jirani. Baada ya majuma manne chuma, upike, na umpelekee jirani huyo sahani moja.